Viporo vya Maisha: Uchambuzi wa Toleo Moja Lililokula Wiki Tisa

Kwa wiki tisa nilikuwa na jibu moja kwa kila mtu: "Baada ya toleo." Mhudumu wa kliniki ya meno alipopiga simu kuniuliza kama bado naitaka nafasi yangu, nilimjibu hivyo. Rafiki yangu aliyehamia nyumba mpya akataka nikaione, naye nilimjibu hivyo. Dada yangu mkubwa aliponiambia kwamba mama amepangiwa siku ya kutolewa mtoto wa jicho, nilisita kidogo, nikaitazama ratiba ukutani, kisha nikamjibu vilevile.

Nahariri vibonzo. Toleo ninalolizungumzia ni la 9 katika mfululizo wa kila mwezi, kurasa 22 za hadithi ndani ya kitabu cha kurasa 32. Limeshatoka na limeshasomwa. Nataka kukichambua kisa chake kama ninavyolichambua toleo lililoharibika, yaani kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nione kosa liliingilia wapi. Nilidhani jibu nalijua tangu mwanzo: kazi ilikuwa nyingi. Nilipoketi na daftari langu la kazi nikakuta sivyo.

Kilichotokea

Mswada ulichelewa siku 11. Mwandishi alikuwa na sababu za kweli na simlaumu. Ila inafaa kueleza siku 11 zinafanya nini katika kazi hii, maana wengi hudhani kibonzo huchorwa na mtu mmoja akamaliza.

Ukurasa mmoja hupita mikono mingi. Mwandishi hueleza kila kisanduku na maneno ya kila mhusika. Mchoraji hupanga ukurasa kwa vijichoro vidogo, kisha huuchora kwa penseli. Mwingine huupitishia wino, mwingine huupaka rangi, mwingine huweka viputo na kuandika herufi. Mchoraji wa kasi ya kawaida hutoa kama ukurasa mmoja wa penseli kwa siku, kwa hiyo kurasa 22 ni mwezi mzima wa siku za kazi. Wenzake hawamsubiri amalize zote. Huanza na zile zilizokwisha kutoka, kama mafundi wanaopokezana matofali. Ndiyo maana ucheleweshaji ukiingia juu, huteremka. Mwandishi alikula siku 11, mchoraji akajitahidi akarudisha tatu, na zile nane zikawaangukia anayepaka rangi, yaani mpaka rangi, na mwandika herufi, watu wa mwisho kwenye mstari, wasio na kosa lolote.

Wala huwezi kusema basi, tuchape kurasa 19. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa na kukatwa, na kurasa huenda kwa mafungu. Thelathini na mbili ni mafungu mawili ya 16. Ukurasa usiokuwepo hubaki mweupe mbele ya macho ya msomaji.

Hapo ndipo mhariri anapojiweka katikati. Mpiga chapa nilimwambia tuko sawa. Mchoraji nilimwambia bado kuna nafasi, afanye kwa utulivu. Mpaka rangi nilimwambia kurasa zinakuja kesho. Kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini hakuna aliyekuwa na picha nzima isipokuwa mimi. Mtu anayeibeba picha nzima peke yake hata usingizi humkimbia. Nilianza kulala na simu mkononi.

Wiki ya sita, Jumanne, ndiyo siku ya upasuaji wa jicho la mama. Asubuhi mchoraji alikuwa ameniandikia kwamba kurasa 9 hadi 13 zitafika "muda si mrefu". Kurasa 12 na 13 zilikuwa pacha, picha moja kubwa inayofunika kurasa mbili zinazotazamana: mji wote usiku, na mhusika wetu mdogo juu ya paa. Toleo zima liliiegemea picha hiyo. Nikaona siwezi kutoka. Nikakaa dawatini. Saa nne asubuhi hakuna. Saa nane mchana hakuna. Nilisahihisha barua za wasomaji ambazo nilikuwa nimekwisha kuzisahihisha. Nilifungua barua pepe na kuifunga mara nisizozihesabu. Kurasa zilifika saa tatu usiku, nzuri ajabu, nami nikazipeleka kwa mtu wa wino, ambaye alikuwa amekwisha kulala.

Dada alinipigia kabla sijazima taa.

"Mama ametoka salama. Wamemfunga jicho, kesho watamfungua."

"Aliniulizia?"

Dada alinyamaza kidogo. "Hapana, mdogo wangu. Alisema una toleo."

Kwa kweli hapo ndipo kisa hiki kilipoanza kwangu, ingawa nilikuwa na wiki tatu nyingine mbele yangu. Mama angeniuliza, ningejitetea. Lakini alikuwa amekwisha kujifunza kutonisubiri.

Wiki ya nane ilileta balaa la mwisho. Tangazo la ukurasa mzima liliingizwa mbele ya hadithi bila mimi kuulizwa. Asiyeijua kazi hii atasema, ukurasa mmoja una nini? Katika kitabu kinachosomwa kutoka kushoto, ukurasa wenye namba shufwa hukaa kushoto. Pacha lazima waanzie kushoto. Ukisukuma kila kitu hatua moja mbele, nusu ya mji inabaki upande wa kulia, na nusu nyingine iko nyuma ya karatasi hiyohiyo. Na si pacha peke yao. Ukurasa wa 18 ulikuwa na ufunuo ambao msomaji alitakiwa kuukuta akishageuza karatasi. Ukihamia kulia, jicho lake linaudaka angali anasoma ukurasa wa kabla yake, na kazi yote ya kumweka roho juu imekwenda na maji. Nilihangaika siku mbili. Mwishowe nikautoa ukurasa wa muhtasari wa toleo lililotangulia, nikaubana muhtasari ndani ya jalada la mbele, tangazo likachukua nafasi yake, na kila kitu kikarudi mahali pake. Mafaili yalikwenda kwa mpiga chapa Ijumaa ya wiki ya tisa.

Jumamosi na Jumapili za kulipa

Niliamka Jumamosi nikiwa na orodha. Jino lililomeguka, hati ya kusafiria iliyokwisha muda, fomu mbili za benki, ujumbe wa sauti 40 na ushee ambao sikuwa nimeusikiliza, rafiki na nyumba yake mpya, mtoto wa kaka aliyenitumia michoro yake ili "mhariri aitazame", na mama. Niliishambulia orodha kama toleo lililochelewa. Nilisikiliza ujumbe kwa kasi ya mara mbili. Niliwajibu watu 20 kabla ya mchana. Mtoto nilimwandikia, "Nzuri sana, endelea hivyo," maneno ambayo singethubutu kumwandikia mchoraji yeyote ninayemheshimu, kwa sababu hayamwambii kitu.

Jioni rafiki yangu alijibu kwa upole: "Asante. Lakini nilikutumia ule ujumbe wa kwanza nikiwa na shida. Ilikwisha kupita." Niliurudia ujumbe wake kwa kasi ya kawaida. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na kwa kasi ya mara mbili mtetemo hausikiki.

Nikaiacha orodha. Jumapili sikumjibu mtu.

Nilichokikuta kwenye daftari

Nina tabia ya kuandika kila saa ninafanya nini, kwa ajili ya malipo ya watu. Nilizipitia zile wiki tisa kwa kalamu nyekundu. Maneno yaliyojirudia kuliko yote hayakuwa "nasahihisha" wala "nazungumza na mwandishi". Yalikuwa "nasubiri kurasa". Niliyahesabu: mara 31, na mengine yalifunika siku nzima, kama Jumanne ile.

Hii ndiyo hoja yangu, na nina hakika nayo. Maisha ya mhariri wa vibonzo huliwa zaidi na kusubiri kuliko na kazi. Kazi yenyewe ina mwanzo na mwisho: kovu la shavu la kushoto limehamia kulia, kiputo kimefunika mkono ulioshika ufunguo, anayetakiwa kusema kwanza amewekwa kulia kwa hiyo msomaji atasoma jibu kabla ya swali. Unaliona, unalieleza, linarekebishwa. Kusubiri hakuna umbo. Hupumziki, maana kurasa zinaweza kufika wakati wowote. Wala hufanyi kazi, maana kurasa hazijafika. Ukiulizwa, utasema una kazi, na utaamini mwenyewe.

Kosa la pili lilijificha ndani ya yale maneno "baada ya toleo". Katika mfululizo wa kila mwezi hakuna baada. Siku nilipopeleka mafaili ya toleo la 9, toleo la 10 lilikuwa kwenye wino, la 11 kwenye penseli, na mswada wa la 12 ulikuwa ukinisubiri. Mwisho wa moja ni katikati ya mengine matatu. Watu nilikuwa nimewaahidi siku isiyokuwepo kwenye kalenda, na sikujua kwamba ninawadanganya, kwa sababu mimi ndiye niliyeiamini ahadi hiyo kuliko wote.

Kuna jambo lililonigusa zaidi, nami nalisema kwa uzito. Nilichukua usiku wote niliokesha na kujiuliza: ningelala, nini kingeharibika? Kurasa zikifika saa tisa usiku nikazipokea papo hapo, mtu wa hatua inayofuata yumo usingizini. Atazikuta asubuhi, sawa na ambavyo angezikuta kama ningezituma saa moja asubuhi. Nilipata usiku mbili tu ambazo kukesha kwangu kulisaidia kitu, na zote mbili ni za lile tangazo. Nyingine zote nilikesha kwa ajili ya hisia.

Mwenzangu mmoja wa kazi hakukubaliana nami nilipomweleza haya. Alisema mhariri ana mshahara wakati mchoraji analipwa kwa ukurasa, kwa hiyo mchoraji akikesha ni aibu mhariri kulala. Naliheshimu wazo hilo, nami nililiishi kwa miaka. Lakini macho yangu hayachori ukurasa. Kama namhurumia mchoraji, huruma hiyo ilitakiwa kufika wiki ya kwanza, siku mswada ulipochelewa, kwa kumwambia mpiga chapa ukweli na kuomba siku nne. Mimi nilichagua kuficha, kisha nikakesha ili nijione mwema.

Fani yetu imelea desturi hii kwa sifa. Nchini Japani husimuliwa hadi leo jinsi wahariri walivyokuwa wakipiga kambi nyumbani kwa Osamu Tezuka, mchoraji mashuhuri wa vibonzo, kila mmoja akisubiri kurasa za gazeti lake. Husimuliwa kwa upendo, kama ushahidi wa ukubwa wake, naye alikuwa mkubwa kweli. Mimi sasa nikisikia habari hizo namfikiria mhariri wa tatu kwenye foleni, na nani alikuwa akimngoja kwake. Marekani nako, katika miaka ya 1970, kampuni ya vibonzo ya Marvel ilipokosa kurasa kwa wakati iliwahi kuwapa wasomaji hadithi ya zamani iliyochapwa upya. Jim Shooter alipoupokea uhariri mkuu pale mwaka 1978, mojawapo ya mambo aliyoyafanya ni kuongeza wahariri, ili kila mmoja abebe mzigo unaobebeka. Ulikuwa uamuzi wa ratiba, haukuhitaji ushujaa.

Mfano unaonifariji ni wa juzijuzi. Eiichiro Oda, Mjapani anayechora mfululizo wa kila wiki wa One Piece tangu 1997, alisimama wiki nne kuanzia Juni 2023 ili afanyiwe upasuaji wa macho. Wasomaji waliambiwa mapema, wakasubiri, akarudi. Nilipoisikia habari ile, wala sikuihusisha na maisha yangu. Baada ya Jumanne ya mama ndipo niliporudi kuifikiria. Ikiwa mfululizo unaosomwa duniani kote unaweza kuandika jicho la mtu kwenye ratiba yake, wangu ungeweza kuandika jicho la mama yangu.

Kuvipanga viporo

Viporo vyangu nilivipanga upya kama ninavyozipanga kurasa zilizorudi na makosa. Kuna ukurasa unaorekebishika: rangi ya kanzu, herufi iliyoruka. Kuna unaohitaji kuchorwa upya tangu penseli. Na kuna uliokwisha kuchapwa.

Jino, hati ya kusafiria na fomu za benki ni za kwanza. Hizi niliziingiza moja kwa moja kwenye vipindi vya kusubiri. Sasa mchoraji akisema "muda si mrefu", namuuliza kwa adabu, "Kabla ya saa tisa au baada?" Karibu kila mara anajua. Akisema baada, nafunga kompyuta na kwenda kwa daktari wa meno. Kurasa zikifika nikiwa kwenye kiti, zitanikuta. Nusu ya viporo vyangu ilikwisha ndani ya wiki mbili kwa njia hii, bila kuchukua siku hata moja ya ziada.

Watu hawakuwa hivyo. Nilijaribu pia kuwaingiza watu kwenye vipindi vya kusubiri, nikashindwa, na namshauri yeyote mwenye kazi kama yangu asijaribu. Ukimpigia rafiki huku jicho moja likingoja kurasa, anasikia. Rafiki na mtoto wa kaka walikuwa kurasa za kuchorwa upya. Rafiki nilikwenda kwake nikakaa mchana mzima, nikamwomba anisimulie kile kilichokwisha kupita. Michoro ya mtoto niliichapa, nikaiweka mezani, nikamwandikia kama ninavyomwandikia mtu wa kazi: mbio za farasi wako katika kisanduku cha pili zinaonekana kweli kwa sababu miguu yote iko hewani, lakini katika kisanduku cha nne farasi anageukia upande mwingine bila sababu, na msomaji wako atapotea. Siku mbili baadaye alinitumia kisanduku cha nne kipya.

Mengine nimeyabadilisha kazini. Ratiba ya toleo iliyoko ukutani, ambayo timu yote huiona, sasa ina safu yenye jina langu. Ndani yake kuna siku ambazo sipo, zimeandikwa miezi mitatu mbele, na huhesabiwa kama siku za kukauka wino. Mswada ukichelewa zaidi ya siku tatu, mpiga chapa na mpaka rangi wanaambiwa siku hiyohiyo. Mara ya kwanza kufanya hivyo niliona aibu. Mpaka rangi aliniambia kwamba kwa miaka yote alikuwa akihisi kuna kitu, akidhani ni yeye ninayemkwepa. Na tumeagiza hadithi moja ya akiba, kurasa 22 zinazojitegemea, iliyokamilika hadi herufi, ikae kabatini. Iligharimu, na nilibishana na wenye fedha. Niliwaonyesha malipo ya haraka tuliyolipa kwa toleo la 9, wakanyamaza.

Jumanne ya mama ni ukurasa uliokwisha kuchapwa. Hakuna cha kuurekebishia. Gazeti likichapa kosa, linachoweza kufanya ni kukiri katika toleo linalofuata, kwa herufi zinazosomeka, bila kujitetea. Nilikwenda kwake mwezi mmoja baada ya upasuaji. Nilimwambia, "Mama, siku ile nilikuwa nimekaa tu. Nilikuwa nasubiri. Ningeweza kuja." Alinitazama kwa muda. Hakuniambia si kitu, nami nilishukuru hakusema, kwa sababu isingekuwa kweli.

Kisha akauliza kama nimelileta lile toleo. Hajawahi kuwa msomaji wa vibonzo. Nilimfungulia pacha wa 12 na 13, akalifunika kwa kiganja jicho ambalo bado halijafanyiwa, kisha akalifunika lile jipya, akabadilisha tena. Mtoto wa jicho huyafanya mambo yote yawe na umanjano, na huiua bluu kuliko rangi nyingine. Mimi nilikuwa nimebishana na mpaka rangi kuhusu bluu ya anga lile kwa siku mbili, katika wiki ya saba.

"Na jicho hili," alisema akigusa shavu upande ambao haujatibiwa, "usiku wenu ni kama majani makavu." Akabadilisha mkono. "Na hili, ah. Kumbe ni hivi."

Alikaa na kurasa hizo mbili muda mrefu. Jicho lake la pili limepangwa Alhamisi ya tatu ya mwezi ujao. Toleo la 12 litakuwa kwenye rangi.